Mimi Sijaonja

Mimi sijaonja, na Mungu ananijua.
Lakini niulize baa ipi Maskati ina bia nzuri,
nikujibu bila kuzima injini.

Watu hutazama gilasi. Mimi hutazama mlango,
ule wa nyuma, penye jenereta na ndoo za mafagio,
maana hoteli zetu haziweki baa usoni.
Anayetoka akiimba, hiyo ni ya bei rahisi.
Anayetoka na simu sikioni, kanywa barafu.
Anayetoka akalipa nauli bila kupatana,
huyo kaonja kitu.

Bwana Orwin nilimchukua Ruwi, Jumatano,
fundi wa mitambo ya maji chumvi, miaka kumi na tisa hapa,
shati limemganda mgongoni kama stempu.
Akanitajia hoteli tano kwa mpigo.
"Natafuta iliyo hai," akasema.
Nikadhani mbuzi.

Akanieleza njiani, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza:
kuna bia iliyokufa, hupulizwa gesi, hung'aa, hupigana na ulimi;
na kuna nyingine husafiri na chachu yake,
ikaendelea kupumua ndani ya pipa.
Ukiitikisa, imevurugika.
Ukiiharakisha, imenuna.
Ukiichelewa, siki.
Haitaki joto, haitaki barafu.
"Na Maskati," nikamwambia,
"tuna hizo mbili tu."

Qurum: dakika nne, akatoka anatema.
Al Khuwair: "Maji ya kuoshea shaba."
Matrah, pampu ya mkono ilikuwa pambo,
imekazwa kwa skrubu, haivuti chochote.
Ya nne wanapaka rangi.
Kote aliandika kwenye kidaftari,
na kote nauli iliongezeka, alhamdulillahi.

Ya tano, nyuma ya gereji ya matairi, Azaiba,
alikawia.
Nikasikiliza habari zote, za dunia na za mpira.
Nikamaliza tende.
Alipotoka hakuandika.
Akakaa mbele, pembeni yangu, akafunga mkanda polepole
kama mtu mwenye mayai mfukoni.
"Mna Mgoa mle, Anacleto," akasema.
"Hulilaza pipa siku tatu katika chumba cha maua ya harusi,
ndicho chenye ubaridi wa kiasi.
Hamruhusu mtu kuligusa. Hulifunika taulo lililoloa
na kulitegea sikio."

Kulitegea sikio.
Hapo nikapitiliza njia ya kuingilia kwetu.

Marehemu mama, Wadi Kabir,
alikuwa na bakuli la bluu la mkate wa kumimina:
mchele, tui, iliki, hamira kiasi cha ukucha.
Bibi yake, Unguja, aliumua kwa tembo,
na hakuna aliyelewa.
Kitambaa juu, na sisi watoto marufuku kukimbia,
sakafu isitikisike.
Alfajiri huinama, akasikiliza.
"Bado," husema. Au: "Yarabi, umepitiliza."
Miaka sita sasa nauzunguka mji huu,
kila mkahawa wa Kizanzibari nanunua kipande,
natafuna, narudi garini.
Wanatia unga wa dakika tano.
Unapanda, ndiyo. Hata puto hupanda.

Nikamwambia yote hayo, nimeegesha kando ya barabara kuu,
malori yakitutikisa.
Hakucheka.
"Ukiupata," akauliza, "utanipitia?"

Wiki ya pili, Azaiba tena. Akatoka upesi.
Anacleto yuko likizo;
kijana aliyebaki kalitia pipa kwenye friji.
Tukakaa na kiyoyozi chetu, kimya.
Kisha nikageuza gari kwenda kwa dada yangu Zuwena,
aliyenipigia mchana kuniambia ameliona bakuli la bluu
nyuma ya masanduku; lina ufa, ila halivuji.

Tukalikuta juu ya meza, limefunikwa.
Bwana Orwin akanyoosha kidole kwenye kitambaa.
Zuwena akamgonga kwa mwiko.
"Bado," akasema.